Laptopu Haijachoka, Imekabwa

Mpwa wangu alifika kwangu Jumamosi moja ya Februari, ile Februari ya Dar ambayo hata ukuta unatoa jasho. Laptopu kwapani, uso umekunjwa, na shikamoo yenyewe aliitoa nusu. "Anko, hii imekufa. Nitafutie mteja niiuze, niongezee hela nichukue nyingine."

Akaiweka mezani, akachomeka chaja, akawasha PES 2017. Wachezaji wakatoka vyumbani wakitembea kama watu wanaovuka mto, maji kifuani. Beki akapiga pasi ndefu. Mpira ukakaa hewani kiasi cha mtu kunywa mafunda mawili ya chai na kurudisha kikombe mezani. "Umeona?" akasema. "Na hii ni Core i5, anko. Niliambiwa inabeba gemu yoyote."

Niliona, ila macho yangu hayakuwa kwenye mpira. Nilikuwa nimefungua Task Manager, sehemu inayoonyesha kazi ya prosesa, nikasoma namba: 0.79 GHz. Nikasubiri. Bado 0.79. Prosesa ile, i5-6300U, kasi yake ya msingi ni 2.4 GHz, na ikipata nafasi hupanda hadi 3.0. Hapa ilikuwa inakwenda kwa theluthi tu ya kasi ya msingi, na kilichonishtua ni kwamba haikuwa inayumba. Mashine iliyozidiwa huyumba: inapanda, inashuka, inahema. Hii ilikuwa imetulia kama mlinzi aliyeambiwa asitoke getini.

Nikachomoa chaja. Namba ikaruka hadi 2.8, na kule uwanjani watu wazima ishirini na wawili wakaanza kukimbia. Kijana akanitazama kana kwamba nimeisomea dua.

Hapakuwa na dua. Kuna aina kadhaa za laptopu, hasa zile za kiofisi, ambazo huzungumza na chaja zao. Katikati ya pini ya chaja kuna sindano nyembamba, na kwa njia hiyo chaja hujitambulisha na kutaja inatoa wati ngapi. Laptopu isipopata jibu la kuiridhisha hujihami kwa kushusha kasi ya prosesa karibu na sakafu. Nyingine hukataa kabisa kuchaji betri. Hii ilikuwa inachaji kwa kusuasua, tena ikiwa imezimwa. Chaja halisi ya mpwa wangu iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Akanunua nyingine barabarani. Pini iliingia, taa ikawaka, na nani huuliza zaidi ya hapo? Kwa miezi minne alikuwa akiilaumu prosesa kwa kosa la waya.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike. Tuna haraka mno ya kuihukumu mashine. Mtu akilalamika kwamba gemu inakwama, washauri wote wanajua jibu kabla hajamaliza sentensi: ongeza RAM, weka SSD, au uza ununue nyingine. Hakuna anayeuliza prosesa inakwenda kwa kasi gani, ina nyuzi ngapi za joto, na ni kipi hasa kinachomsubiri mwenzake. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya laptopu tunazoziita chovu hazijachoka, zimekabwa. Na aliyekabwa humwongezi chakula. Unamwachia koo kwanza.

Tuzitazame zenyewe tulizonazo. Nyingi ya zile zinazouzwa Kariakoo, kama zile za Luthuli kule Nairobi, ni mitumba ya maofisi. Kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache, vya zamani hukusanywa, vingi hupitia Dubai, vikafutwa vumbi na kubandikwa stika mpya. Sizidharau. Kwa bawaba, kibodi na uimara wa umbo, nazipenda kuliko mpya za bei hiyohiyo. Lakini zilitengenezwa kwa barua pepe na majedwali ya hesabu, na mwenye duka akikuandikia "laptopu ya gemu" kwa kalamu nene juu ya mashine ya karani wa benki, hapo anakuuzia maandishi yake.

Stika ya i7 ndiyo inayowala wengi. Chukua i7-6600U ya laptopu na i7-6700 ya kompyuta ya mezani, zote za kizazi cha sita. Ya mezani ina koa nne, yaani viini vinne vya kufanya kazi, na imepangiwa wati 65. Ya laptopu ina koa mbili na wati 15. Ukoo mmoja, mmoja mbeba mizigo bandarini, mwingine mshona vifungo. Herufi U mwishoni ndiyo inayokwambia, na hiyo haimo kwenye stika. Kisha kizazi cha nane kikaja na i5-8250U, wati zilezile 15 lakini koa nne. Anayelipa zaidi kuchukua i7 ya kizazi cha sita na kuiacha i5 ya kizazi cha nane amenunua stika, japo ni haki kusema kwamba kwa upande wa grafiksi hizo mbili hazipishani sana.

Na wati 15 zenyewe haziliwi na prosesa peke yake. Laptopu hizi hazina kadi ya grafiksi ya kujitegemea. Kipande kinachochora picha kimo ndani ya prosesa hiyohiyo, na wote wawili wanakula sahani moja. Prosesa ikijitanua kuhesabu mambo yasiyo na haraka, mchoraji anabaki na makombo. Ndiyo maana mara nyingine ukiizuia prosesa isipande kasi kupita kiasi, gemu inakwenda vizuri zaidi. Ukimwambia hivyo muuzaji atacheka, lakini ni hesabu ya sahani tu.

Turudi kwa mpwa wangu, maana chaja haikuwa mwisho wa mambo. Tulitafuta chaja halisi iliyotumika, ya wati zinazotakiwa, na mechi ya kwanza ikaenda safi. Dakika ya kumi hivi ya kucheza, feni ikaanza kulia kama bajaji inayopanda mlima, na wachezaji wakarudi mtoni. Safari hii namba ilikuwa inayumba: 2.8, 1.9, 1.2, 2.1. Joto, nyuzi 97.

Joto ni ugomvi ambao sisi wa Pwani tunauanza tukiwa nyuma. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza zenyewe zisiungue, na feni haina uwezo wa kuipoza mashine chini ya hewa inayoivuta. Laptopu iliyolelewa kwenye ofisi ya London yenye nyuzi 20, leo iko Mbagala chumbani kwenye nyuzi 32. Imepoteza nyuzi 12 kabla hata haijawashwa. Ongeza kwamba kijana huyu huchezea kitandani, ndani ya chandarua, na matundu ya kuvutia hewa yako chini ya tumbo la laptopu, yamekandamizwa kwenye godoro.

Tukaipeleka kwa fundi ninayemwamini. Akafungua skrubu za chini moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa, akanyanyua ganda, akatuita tusogee. Feni kwa juu ilionekana safi. Akaitoa. Kati ya feni na mapezi ya shaba, pale hewa inapotakiwa kutokea, palikuwa na tabaka la vumbi lililogandamana kama sufi ya mto wa zamani. Akalishika kwa kibano, likatoka zima, limechukua hata alama za mapezi. "Kaka, hili ndilo blanketi lake," akasema, akaliweka kwenye gazeti. Chini ya bomba la shaba, ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa. Ukiigusa inabanduka vipande. Akaisafisha kwa spiriti na kipande cha fulana, akaweka pesti mpya tone dogo kama dengu, akafunga.

Tukacheza mechi mbili palepale kibandani, laptopu imeinuliwa nyuma kwa vizibo viwili vya soda. Joto liligota nyuzi 78, halikupanda tena. Hatukununua prosesa, hatukununua RAM. Tulitoa blanketi.

RAM nitaisema kwa kifupi, kwa sababu ushauri wake ni nusu ya ukweli. Watu huongeza RAM wakidhani wanaongeza ukubwa, kumbe faida kubwa kwenye laptopu za aina hii ni upana wa njia. Mchoraji asiye na kumbukumbu yake hukopa RAM ya mashine, na kila picha anayochora inapita humo. Kipande kimoja cha DDR4 ya kasi ya 2133 hupitisha takribani GB 17 kwa sekunde. Vipande viwili vikikaa kila kimoja kwenye tundu lake, njia zinakuwa mbili na kiwango kinakaribia 34. Kwa hiyo GB 4 mbili zinaweza kuipita GB 8 moja kwenye gemu, ingawa jumla ni ileile na muuzaji atakuapia kwamba hakuna tofauti. SSD nayo inunue, itakupa raha kwenye kila kitu kingine, gemu itafunguka haraka, lakini usitegemee ikuongezee fremu katikati ya mechi.

Baada ya koo kuachiwa ndipo inafaa kuzungumza na gemu yenyewe. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 1280 kwa 720 ina 921,600, chini ya nusu. Kila pikseli hupakwa rangi upya kila fremu, kwa hiyo ukishuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili umemwondolea mchoraji zaidi ya nusu ya ukuta anaoupaka. Kwenye skrini ya inchi 14, jicho litanung'unika dakika mbili, kisha litasahau kwa sababu kuna kona inapigwa. Vivuli navyo ni gharama isiyoonekana: ili mashine ijue kivuli kinaangukia wapi, huichora dunia yote mara nyingine kutoka upande wa jua, halafu ndiyo ichore unachokiona wewe. Kivuli cha nyasi ni anasa. Na mashabiki jukwaani, wale wanaopunga bendera ambazo hakuna anayezitazama? Nje.

Kuna jambo moja ambalo vijana hunipinga nalo hadi leo. Wanataka namba kubwa ya fremu. Mimi nasema chukua ndogo isiyotikisika. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina milisekunde 16.7 za kuchorwa. Fremu 30 inakupa milisekunde 33.3. Laptopu hizi mara nyingi hufika 50 uwanja ukiwa mtupu na kuanguka 24 watu wakijazana kwenye boksi, yaani kwenye sekunde ileile unayotaka kufunga. Funga mlango kwenye 30, mashine itachora kwa wakati, itapoa, na kidole chako kitazoea mdundo mmoja. Jicho husamehe mwendo wa taratibu, kigugumizi halikisamehe.

Sasa nije kwenye vile viprogramu vya "kuongeza kasi ya gemu", maana hapa ndipo ninapokosa upole. Vingi hufanya kitu kimoja chenye kelele: vinasafisha RAM. Unabofya, mduara unazunguka, unaambiwa GB mbili zimeachiwa. Lakini RAM tupu haikusaidii kitu. Windows huitumia ile iliyobaki kuhifadhi vitu inavyodhani utavihitaji karibuni. Ukivitupa, gemu ikivitaka inalazimika kuvifuata tena kwenye diski. Umemlipa mtu akutolee vyombo kabatini na kuviweka uani. Kinachosaidia kwenye Windows ni mambo machache ya bure: kuzima urekodi wa video unaofanya kazi kimyakimya, kutoiacha laptopu kwenye mpango wa kubana betri, na kufunga brauza yenye madirisha arobaini.

Kuna pia jambo la gemu za kraki, ambalo tunalisema kwa kunong'ona kwa sababu sote tumewahi kupewa flashi. Sitahubiri kuhusu hakimiliki, nazungumzia fremu. Juni 2021 kampuni ya usalama ya Avast ilieleza habari za programu hasidi iliyoipa jina Crackonosh. Ilikuwa imefichwa ndani ya nakala za kraki za gemu zinazopendwa, zikiwemo Grand Theft Auto V, NBA 2K19 na Pro Evolution Soccer 2018. Ikiingia, ilizima kinga ya Windows na masasisho yake, kisha ikaifanya kompyuta ichimbe sarafu ya mtandaoni iitwayo Monero kwa faida ya walioitengeneza. Avast walihesabu kompyuta zaidi ya 222,000 zilizoambukizwa, na mapato ya zaidi ya dola milioni mbili. Fikiria laptopu ya wati 15, nusu ya sahani yake inaliwa na mgeni asiyeonekana, na mwenyewe anatafuta setingi ya vivuli. Umeme unalipa wewe, joto unalipata wewe, na sarafu inakwenda kwa mtu usiyemjua.

Lakini nisiwabebeshe wachezaji mzigo wote. Mara nyingine mashine ni safi, chaja ni halisi, na gemu bado inajikokota kwa sababu aliyeiandika hakujali. Mfano ninaoupenda ni GTA Online. Kwa miaka watu walisubiri dakika nyingi kabla ya kuingia mchezoni, na kila aliyelalamika aliambiwa kompyuta yake ni ya kizamani. Mwaka 2021 mtu mmoja anayejiita t0st, ambaye kwake kuingia kulichukua dakika sita, alichoka kungoja akaanza kupima. Alikuta gemu inasoma faili la orodha ya vitu vya dukani, lenye ukubwa wa MB 10 na vitu kama 63,000. Kila iliposoma kipande kimoja, ilihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Ni kama karani anayesoma daftari la wageni, na baada ya kila jina anahesabu kurasa zote mpaka mwisho ndipo aendelee na jina la pili. Kisha kila kitu kipya kililinganishwa na vyote vilivyotangulia, kimoja kimoja, kuhakikisha hakijirudii.

Akarekebisha mambo hayo mawili bila kuwa na msimbo wa gemu, na muda ukapungua kwa karibu asilimia 70. Rockstar, wenye gemu hiyo, waliyakubali, wakatoa sasisho Machi mwaka huohuo na kumzawadia dola 10,000. Ni uungwana, nakubali. Lakini kwenye kompyuta gemu hiyo ilikuwa sokoni tangu 2015, na kwa muda wote huo ni watu wangapi waliuza prosesa nzuri wakidhani imezeeka?

Wazee wa kazi hii hawakuwa na nafasi ya uzembe huo. Super Mario Bros. ya 1985 iliingia kwenye KB 40, na ukilitazama wingu na kichaka kwa makini utaona ni umbo moja lililobadilishwa rangi. Mwaka 1990, kompyuta za kawaida za ofisi zilikuwa haziwezi kusogeza picha ya skrini nzima kwa ulaini, mwandishi wa programu za gemu John Carmack akatafuta njia ya kuchora upya sehemu zile tu zilizobadilika, na ndipo gemu ya Commander Keen ikakimbia kwenye mashine ambazo watu waliamini ni za hesabu za mishahara. Zilikuwa ndugu za hizi zetu za makarani.

Mpaka upo, sitadanganya. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inadai GB 150 za diski na kadi ya grafiksi ya kujitegemea, na hakuna vizibo vya soda vitakavyoiinua i5-6300U hadi huko. Anayeitaka hiyo lazima anunue mashine nyingine, na afanye hivyo akijua anachonunua. Mpwa wangu hakuitaka. Alitaka mpira na, siku akichoka na mpira, kuiba gari San Andreas, gemu ya 2004.

Laptopu haikuuzwa. Jumamosi iliyofuata alirudi, safari hii shikamoo ilikuwa kamili, na akataka tucheze. Tukashusha skrini hadi 720, tukazima vivuli, tukawatoa mashabiki, tukafunga fremu kwenye 30. Uwanja ulikuwa mtupu kama mechi ya adhabu. "Anko, mbona wameondoka wote?" aliuliza. Nikamwambia walikuwa wanakula umeme bure.

Akanifunga nne bila. Kila bao nilitupia jicho pembeni ya skrini kutafuta cha kusingizia, na kila mara namba ilisoma 30.